Digadi moja, madigadi mawili: Somo la lugha katika gari kuukuu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuhusu kikuukuu hawakuniachia neno la kujitetea, nami nililihitaji mno siku ile lori lilipoiacha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, likaingia katika mji wetu mdogo wa Samburu, na kuteremsha uani kwangu gari aina ya Land Rover ambalo halikuwa na tairi hata moja lenye upepo. Milango yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Kuku walilipanda kabla ya watoto. Jirani mmoja, mtu mzima anayeniheshimu, aliniuliza kwa upole iwapo chuo kikuu kilikuwa kimeacha kutulipa mishahara.

Naomba kumwondolea shaka msomaji wa mbali. Samburu ninayoizungumzia si ile ya kaskazini, maarufu kwa ngamia na mbuga za wanyama. Hii ni Samburu ya Kwale, upande wa Kinango, baina ya Mariakani na Mackinnon Road. Nchi ya Waduruma, ambako reli ya zamani na barabara kuu hupita kama ndugu wawili wasiosemezana, na mvua huja kwa kujivuta. Gari lenyewe lilitoka Msambweni, ufuoni mwa bahari, ambako mzee mmoja alilitumia kubebea nazi hadi alipofariki dunia. Wanawe walikuwa tayari kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa na likizo ndefu, mpwa asiye na kazi, na fundi mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilidhani ninakwenda kutengeneza gari. Kumbe nilikuwa nimejiandikisha darasani.

Kabla sijaeleza nilichofunzwa, yafaa tulijue gari lenyewe. Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na alitaka gari litakaloweza kazi za shamba kama zile alizokuwa akizifanya kwa gari la kijeshi la Kimarekani. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Chuma kiligawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilipatikana. Basi bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini, na chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba kila kitu, ikaundwa kwa chuma. Uamuzi huo wa shida ndio ulioleta sifa ya gari hili, na ndio ulioleta ugonjwa wake, kama tutakavyoona.

Huku kwetu gari hili lilikuwa la polisi, la bwana shamba, la wamishonari, la walinzi wa mbuga na la kila aliyelazimika kufika mahali ambako barabara haikufika. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland mjini Thika kilianza kuyaunganisha magari hayo humu nchini. Langu ni la mfululizo wa tatu, ulioundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, lile refu lenye inchi 109 baina ya ekseli na ekseli. Uundaji wa gari la ukoo huo ulikoma Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016, lakini mapenzi hayakukoma: mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, magari kwa mamia, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake.

Siri ya umri huo ni nati na bolti. Digadi likikunjika, hufunguliwa kwa spana na kufungwa jingine. Mlango hung'oka, paa huvuliwa kama kofia. Mtu mwenye subira, jeki na kivuli cha mwembe aweza kulivunja gari zima na kuliunda upya uani kwake. Hivyo ndivyo tulivyofanya, kwa muda wa miezi minne.

Mzee aliyetuongoza nitamwita Fundi tu, kwa kuwa ndilo jina analoitwa na wote. Aliacha shule darasa la nne. Siku ya kwanza hakugusa injini. Alilala chali chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akaanza kuigonga chesisi pole pole, shubiri kwa shubiri, sikio likiwa karibu na chuma. "Hapa ngii," alisema. "Hapa ngii. Hapa pu." Kila palipolia pu, mpwa wangu alitia alama ya chaki. Tulipokuja kuparua kutu pahali penye chaki, bisibisi ilipenya kana kwamba chuma ni mkate. Palipolia ngii palikuwa pazima.

Nilijionea haya kidogo. Katika mihadhara yangu nimewafundisha wanafunzi wengi kwamba tanakali za sauti ni pambo la usimulizi, kiungo cha kuikoleza hadithi. Nilikuwa nikiwapa nusu ya ukweli. Kwa Fundi, tanakali ni kipimo. Kati ya ngii na pu ipo tofauti ya kuishi na kufa, maana chesisi iliyooza ikikatika mwendoni haitakupa nafasi ya kutubu. Daktari wa watu huwa na mashine ya kusikilizia kifua. Fundi ana nyundo na maneno mawili, na maneno hayo yameshiba maana.

Kutoka siku hiyo nilianza kwenda uani na daftari.

Nililoandika kwanza ni digadi. Kisa cha neno hili walimu wa isimu hukipenda, na wanafunzi hukicheka, lakini ni wachache wanaokitia maanani. Waingereza walitujia na gari lenye kikinga tope walichokiita mudguard. Sikio la Mswahili lilisikia neno linaloanza na sauti ma. Sikio hilo lajua tangu utotoni kwamba ma ni alama ya wingi: jicho, macho, jembe, majembe, gari, magari. Tena gari halina kikinga tope kimoja tu. Basi madigadi yakawa mengi, na moja likawa digadi. Hakuna kamati iliyokaa. Hakuna aliyelipwa posho ya kikao. Sarufi ililimeza neno la kigeni, ikalitafuna, ikalitoa likiwa limevaa kanzu na kofia. Vivyo hivyo njia panda ya mviringo yenye kibao cha kuwaamuru madereva wafuate kushoto ikaitwa kipilefti, na zikiwa mbili ni vipilefti. Aliyesema Kiswahili hakiwezi sayansi na ufundi hajapata kuitazama sarufi yake ikiwa kazini.

Ukurasa wa pili wa daftari langu ulianza na usukani. Neno hili lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la gari. Nahodha wa Vanga au wa Shimoni aliukamata usukani karne nyingi kabla ya dereva kuwepo, na gari lilipokuja watu hawakuona haja ya kubuni: kinachokigeuza chombo ni usukani, kiwe kinakwenda majini au mchangani. Neno gari lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Rangi nayo ilitoka huko huko na Uajemi. Breki, gia na klachi ni za Mwingereza. Nyundo ni yetu wenyewe. Ukiyapanga maneno ya gereji kwa asili yake, utapata historia ya Bahari ya Hindi na ya ukoloni bila ya kufungua kitabu cha historia.

Kisha kuna sitiari, ambazo Fundi hazijui kwa jina hilo. Injini hukohoa. Hunywa mafuta, tena nyingine ni mlevi. Hupandwa na joto. Huzimika ghafla kama mtu aliyepatwa na kifafa. Betri hufa, na hufufuka ikipata mkono wa mwenzake. Haya si mashairi. Ni namna ya kuainisha maradhi ili wawili waelewane haraka, mmoja akiwa chini ya gari na mwingine akiwa juu ya boneti.

Sasa turudi kwenye ugonjwa niliouahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokuwa kikilila gari hili kilikuwa katika mshono wake. Kila mahali ambapo alumini ya bodi iligusana na chuma, tulikuta unga mweupe, na alumini imetoboka matundu kama kitambaa kilicholiwa na mende. Palikuwa hivyo chini ya milango, ambako ngozi ya alumini hukunjwa juu ya fremu ya chuma, na palikuwa hivyo bodi inapoketi juu ya chesisi. Fundi alikata vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, akawa anaviweka baina ya metali mbili kabla ya kukaza bolti. Nikamwuliza kisa. "Bati hili na chuma havipatani, Mwalimu," akanijibu. "Vikikutana na maji ya chumvi, bati ndilo linaloliwa."

"Kwa nini liliwe bati, lisiliwe chuma?"

"Ndivyo vilivyo."

Hapo mpwa wangu, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, alikohoa kidogo. Alikuwa amekumbuka somo la kemia la sekondari. Alianza kwa Kiingereza, kama anayesoma dua, akaitaja orodha ya metali kuanzia ile nyepesi ya kutenda hadi ile nzito. Fundi alimtazama tu. Nikamwomba aseme tena, kwa maneno ya nyumbani. Akafikiri, kisha akasema: metali mbili tofauti zikigusana, na katikati pakawa na maji ya chumvi, zinageuka betri ndogo. Katika betri hiyo metali iliyo nyepesi zaidi kutenda ndiyo inayojitoa na kuyeyuka, na alumini ni nyepesi kutenda kuliko chuma. Mpira wa tyubu unakata njia ya umeme. Ndiyo sababu hata mabati ya nyumba zetu hupakwa zinki, ili zinki iliwe kwanza na chuma kipone.

Palipita kimya. Fundi aliinua kipande cha mpira, akakigeuza geuza kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. "Kumbe," akasema, "ni umeme." Mpwa wangu naye aliutazama ule mlango uliotoboka. Kwa miaka miwili alikuwa amebeba kichwani orodha ya metali bila ya kujua kwamba inazungumza habari za mlango wa gari. Mmoja alikuwa na tendo lisilo na sababu, wa pili alikuwa na sababu isiyo na tendo. Vilikutana pale uani jioni moja, na lugha iliyovikutanisha ilikuwa Kiswahili.

Baada ya kulehemu mahali pote palipolia pu, tuliingia katika kazi ya rangi. Asidhani mtu kwamba kupaka rangi ni kupaka rangi. Siku tisa katika kumi ni za kusafisha. Tuliosha kwa sabuni na maji, tukafuta mafuta kwa thina, ndipo tukashika msasa. Neno hili nalo linastahili heshima. Msasa ni mti wenye majani makavu yenye kukwaruza, na mafundi seremala wa pwani waliyatumia majani hayo kusugulia mbao tangu zamani. Karatasi yenye mchanga ilipoletwa madukani, ilikuta kazi yake ina jina tayari, ikalirithi. Leo kijana hununua msasa namba 80 wa kuparua, 240 wa kulainisha na 600 wa kumalizia kwa maji, asijue kwamba anataja mti.

Kisha huja rangi ya kwanza. Hapa nilitaka kujionyesha. Niliwahi kuketi katika kikao cha kubuni istilahi, ndani ya ukumbi wenye viyoyozi, ambako tuliunda maneno kadhaa ya ufundi bila ya kumwalika fundi hata mmoja. Nikamwambia Fundi kwamba ile rangi ya msingi yaweza kuitwa kizuiakutu. Alinyamaza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Itazuia kutu gani, Mwalimu, na bati hili halina kutu?" Alisema kweli. Alumini haishiki rangi kwa sababu hewa huifunika kwa utando mwembamba mgumu, na rangi ya kawaida ikipakwa juu ya utando huo hubanduka kama ganda la kitunguu. Hutakiwa praima maalumu yenye asidi kidogo, inayoukwangua uso wa metali ipate pa kushika. Fundi huiita praima ya kung'ata. Niliporudi kwenye daftari langu, niliandika neno lake na kulifuta langu.

Tulipuliza rangi alfajiri, kabla ya upepo wa Nyika kuamka. Fundi alinyunyizia maji uani ili vumbi lilale, akaazima kompresa kwa mwenye gereji ya barabarani, akapiga koti tatu nyembamba badala ya moja nzito. Koti nzito, alisema, hulia machozi. Kweli nimeona magari mengi yaliyolia.

Swali la rangi gani lilizua mjadala wa siku mbili. Nilitaka ile ile ya asili, kwanza kwa mapenzi, pili kwa kuwa anayebadilisha rangi ya gari nchini Kenya hana budi kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi ili stakabadhi zisahihishwe. Nikasema ni kijani. "Kijani kipi?" Sikuwa na jibu. Fundi alienda kwenye mwembe, akachuma majani matatu: changa, la makamo na lililokomaa. Akayalaza juu ya boneti. Nikaonyesha lililokomaa. Kijana wa dukani, Mariakani, alichanganya rangi kwa kulitazama jani lile, na ilipokauka haikupishana na rangi ya zamani iliyobaki chini ya kiti.

Mwaka 1969 wanazuoni wawili wa Kimarekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kuhusu majina ya msingi ya rangi katika lugha za dunia. Walidai kwamba lugha zote zina jina la weusi na weupe, na ikiwa na la tatu, basi ni la wekundu. Kiswahili kinawaunga mkono: vivumishi vyetu vya asili vya rangi ni vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Wapo waliousoma ushahidi huo kama upungufu. Lakini tazama tulivyoyapata mengine: kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo cha manjano, kahawia kwa kahawa, zambarau na chungwa kwa matunda, samawati kwa mbingu, na ile inayowashangaza wageni, damu ya mzee. Mswahili hunyoosha kidole kwenye kitu ambacho wote wanakiona. Fundi na majani yake matatu alikuwa akifanya kazi ambayo lugha hii imeifanya karne zote, tena kwa usahihi uliomtosheleza mchanganya rangi.

Hadi hapa msomaji aweza kudhani nimeandika makala ya kufurahisha baraza. Laiti ingekuwa hivyo tu.

Asubuhi ya koti ya pili niliokota mkebe mtupu wa rangi nikausoma. Ubavuni, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na kwa Kiingereza pekee, palikuwa na onyo. Rangi ile ilikuwa ya kuchanganywa na dawa ya kugandisha yenye kemikali ziitwazo isosayaneti. Mvuke wake ukivutwa mara kwa mara huweza kumtia mtu pumu isiyopona, na kitambaa cha kawaida hakiuzuii. Hutakiwa barakoa maalumu, na mahali penye hewa tele. Nikageuka kumtazama Fundi. Alikuwa amejifunga leso puani. Amejifunga leso hiyo zaidi ya miaka 30. Na Fundi hukohoa, usiku tunamsikia kutoka nyumba ya tatu. Mimi si tabibu wa kifua, na sitasema kilichomkohoza ni nini. Nasema tu kwamba onyo lilikuwepo mkononi mwake miaka yote hiyo, katika lugha ambayo hakufunzwa.

Vivyo hivyo rangi za zamani, ambazo nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Ndiyo maana yafaa kuzisugua kwa msasa wa maji badala ya kuzisugua zikiwa kavu, na kuwaweka watoto mbali. Jambo hilo lasemwa kwa sentensi moja ya Kiswahili chepesi. Nani amelisema gereji kwa gereji, kutoka Samburu hadi Ukunda na Lunga Lunga?

Na mpwa wangu? Sikueleza kwa nini hana kazi. Alisomea umakanika katika chuo kimoja cha ufundi. Mtihani wa vitendo alifaulu. Ule wa kuandika alianguka, na bila ya huo hakuna cheti. Siku chache baada ya mazungumzo ya betri ndogo aliniambia, huku akikaza nati: "Mjomba, kulikuwa na swali la namna ya kuzuia metali mbili zinazogusana zisilane. Nililiruka. Sikujua kuwa ni hili." Sikupata la kumjibu. Swali alikuwa akilijua kwa vidole vyake; kilichomshinda ni kulitambua likiwa limevaa nguo ya wageni.

Wapo watakaoniambia kwamba vitabu vya viwanda vimeandikwa kwa Kiingereza, na kijana asiyekijua hatafika mbali. Nakubali, na sijamshauri kijana yeyote akiache. Lakini kukifunza Kiingereza ni jambo moja, na kukifanya Kiingereza kuwa mlango wa pekee wa kuingilia kila ujuzi ni jambo la pili. Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Hao nawaelekeza Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990. Istilahi zipo. Zimekaa rafuni, na maneno ya mafundi yako gereji, na baina yake hakuna daraja. Lawama ya daraja hilo si ya serikali peke yake. Ni yetu sisi wa vyuo vikuu, tuliobuni kizuiakutu kabla ya kuuliza kama kuna kutu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Neno rasmi lina uzito. Lugha rasmi isiyoweza kumwonya fundi kuhusu sumu iliyo mkononi mwake ina urasmi gani?

Kwa hiyo nina maombi, na nayapeleka kwanza kwa walimu wenzangu. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta zoezi la ngeli za nomino na maneno ya mkopo, awatume wanafunzi wake kwenye gereji iliyo karibu na shule, kila mmoja na daftari. Walete maneno 20 kila mmoja, pamoja na wingi wake na maana yake kama fundi anavyoieleza. Linganisheni ya Samburu na ya Msambweni, ya Kinango na ya Diani. Mtakuta tofauti zenye mafunzo. Mwalimu wa kemia aende nao, maana kutu inamhusu. Wanafunzi wa vyuo wanaotafuta mada za tasnifu, kazi hii haijamalizika, na mafundi wazee hawatatungoja.

Kwa watahini: pale mtihani unapopima umakanika, upime umakanika. Mtahiniwa aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili alichokifanya kwa mikono yake, kwa kuandika au kwa mdomo. Ujuzi wake wa Kiingereza upimwe katika karatasi ya Kiingereza. Na kwa wanaosimamia viwango vya bidhaa: kila mkebe wenye sumu unaouzwa Kenya uwe na onyo la Kiswahili lenye herufi za kusomeka na mtu mzima asiye na miwani. Gharama yake ni wino.

Gari liliwaka siku ya Jumamosi. Lilikohoa mara tatu, likatoa moshi mweusi uliowakimbiza kuku waliosalia, kisha likatulia na kunguruma. Tulikwenda nalo hadi Kinango na kurudi, Fundi akiwa mbele na mpwa wangu usukanini. Yule jirani wa mishahara alisimama barabarani akapunga mkono. Tangu hapo ameuliza mara mbili kama naliuza.

Jambo moja lilibaki. Koti ya mwisho ya paa ilikuwa haijapigwa. Jioni ile mpwa wangu alichukua kalamu nene na kipande cha karatasi, akaandika, akaigandisha karatasi juu ya mkebe mpya: HATARI. MVUKE WA RANGI HII HUHARIBU MAPAFU. VAA BARAKOA YA KEMIKALI. LESO HAITOSHI. Asubuhi Fundi aliuinua mkebe, akasimama. Kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la nne, aliisoma karatasi mpaka mwisho. Akaifungua leso yake, akaiweka mfukoni, akanyoosha mkono kupokea barakoa niliyomnunulia Mombasa.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona hawakuandika hivi tangu zamani?"